Mnanaha wa Uwani

Uliniona. Usijifanye hukuniona.

Ulikuwa umesimama mlangoni pa duka la mikate hapa Ibra, mfuko mkononi, nami nikavuka njia nikakupa salamu. Ukaiinamia simu yako kama imekuita. Salamu ya Muislamu hujibiwa, bibi. Wewe umeiacha ikaanguka chini, ukapanda gari yako, ukafunga kioo.

Nimeshazoea. Nusu karne nageuziwa nyuso katika mji huu na bado nimesimama. Lakini safari hii kugeuza kwako uso kunaweza kuua mtu. Kwa hiyo leo utanisoma, na utanisoma mpaka chini.

Kwa waliochelewa: mimi ni Ghaniya, mzaliwa wa Unguja. Kaka yangu alinileta Oman nikiwa kigori. Kaka amefariki, akaniachia chumba cha uwani katika nyumba yake, na akaniachia mjane wake, Kaltham, wifi yangu. Nyumba kubwa sasa iko mikononi mwa mwanawe, Hazim, na mkewe, Tahani. Kaltham ana pumu. Wiki iliyopita niliwasimulia hapa gazetini alivyoamka akizungumza na maiti, akichuma nyuzi hewani, hamjui hata mwanawe wa kumzaa. Akakimbizwa hospitali, na watu wote wa nyumba wakanigeukia mimi.

Kwa nini mimi? Kwa sababu ya mnanaha.

Mnaujua. Kimti kifupi, ua refu kama tarumbeta, tunda la miba. Kuna wa ua jeupe na kuna wa ua la zambarau, wote ukoo mmoja, wote sumu. Waliosoma wanauita datura. Mimi sikusoma skuli, nimesoma magazeti yaliyofungia samaki, na jina hilo nililiokota humo. Unguja ulikuwa ukiota majaani. Hapa unaota kingo za wadi, yale mabonde makavu ya mvua, na mbuzi wanaupita mbali. Mbuzi wana akili kuliko baadhi yetu.

Mama yangu aliutumia. Jani lililopashwa moto na mafuta, juu ya jipu. Jani kavu juu ya kaa, kwa mwenye pumu, avute moshi kidogo, kisha chetezo kitolewe nje. Basi, haukuvuka hapo. Walionyweshwa mnanaha ni wasafiri, na waliowanywesha ni wezi, na wasafiri hao waliamka njiani hawana nguo wala akili. Siku nilipoliweka ua lake puani, mama alinizaba kofi ili nisisahau. Sikusahau.

Basi nilipanda shina moja nyuma ya chumba changu. Upepo wa vumbi ukivuma, Kaltham hugonga ukuta, nami nikawasha kaa. Alikuwa akishavuta, pumzi ikimrudi, tukikaa tukisengenya waliokufa, maana walio hai hawatuhusu tena.

Halafu Tahani akatia dari mpya sebuleni, nyeupe pe, yenye taa ndani yake.

"Shangazi, udi peke yake," akaniambia. "Moshi yako inaharibu jibsi ya dari."

Kaltham akanunuliwa kile kibomba cha kuvuta cha duka la dawa. Nilifurahi, wallahi. Dawa ya hospitali inaishinda yangu, sina ubishi. Ila mimi sikutakiwa tena ndani. Kaltham akigonga ukuta, namjibu kwa kugonga. Tukawa kama wafungwa.

Sasa tuendelee.

Nilipofika hospitali, Hazim alikuwa amesimama mlangoni pa wodi, kanzu yake ya dishidasha imekunjamana, macho mekundu.

"Shangazi, rudi nyumbani."

"Shikamoo iko wapi?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Mama yako vipi?"

"Hawajui. Labda kiharusi, labda kichwa. Wanampiga picha tu."

"Mboni za macho yake zikoje?"

"Zikoje vipi?"

"Hazim, mboni! Ndogo au kubwa?"

"Kubwa. Jicho lote jeusi."

"Na ngozi? Ina moto, imekauka, hana hata tone la jasho? Ulimi umekuwa kama kipande cha gunia?"

Akanikazia macho. Kisha akauliza polepole, "Wewe umejuaje?"

Hapo ndipo nilipojifunga kamba mwenyewe.

"Ni mnanaha," nikasema. "Na si moshi, moshi haufanyi hivyo. Ameula au ameunywa. Ingia umwambie daktari sasa hivi!"

"Nimwambie mamangu karogwa?"

"Nani kataja kurogwa? Mti, Hazim! Sumu ya mti!"

"Mti wako."

"Wangu, ndiyo. Mwambie!"

"Nikilitaja neno sumu, polisi watakuja. Na watakuja nyumbani kwa nani? Kwangu. Mimi mtu wa serikali, shangazi. Una haya wewe?"

Akamwita mlinzi. Mlinzi kijana, mpole, akanishika kiwiko kama mtu anayemvusha njia bibi yake. Watu waliokuwa kwenye viti wote wakatazama sakafu. Na wewe ulikuwemo. Nakukumbuka, ulivaa buibui la mkono uliotariziwa fedha.

Nikarudi uwani. Nikaenda moja kwa moja nyuma ya chumba.

Mnanaha wangu ulikuwa umenyonyolewa kama kuku. Matawi yamevunjwa ovyo. Mimi huchuma jani moja, la chini, kwa ncha za vidole, kisha nanawa. Huyu alivuna kama mtu anayechuma mchicha.

Nikakaa kizingitini nikangoja. Nilijua atakuja. Aliyefanya jambo asilolielewa hurudi kuulizia.

Akaja alasiri. Aliisimamisha gari nje, akakaa ndani yake kitambo injini inanguruma, kisha akashuka. Tahani. Hakuwa amejipaka kitu usoni, na bila ya rangi ni mtoto tu.

"Shangazi, mimi nimechemsha."

"Umechemsha nini?"

"Majani ile."

Nikalitazama shina langu lililonyonyolewa.

"Mama alikuwa anakohoa, anasema moshi, nataka moshi, mwite Ghaniya. Na mimi nafikiri dari, nafikiri Hazim atakasirika. Nikasema khalas, nichemshe tu, kama zaatari. Sisi hapa kila majani tunachemsha. Nikaweka kwa themosi, na asali."

"Kanywa kiasi gani?"

"Kikombe. Akasema chungu, nikaongeza asali."

Akaongeza asali! Ya Rabbi! Hakuna mtu wa Unguja wa zamani angefanya kosa hilo, na hakuna Mwomani wa jabali angelifanya. Lilihitaji mtu wa kati, aliyesikia kuwa ni dawa na hakusikia inatumiwaje. Na nani wa kumweleza? Sisi wazee tuliokuwa tumenuna.

"Mlango wangu unatazamana na jiko lako," nikamwambia. "Kwa nini hukuja kuniuliza?"

"Sisi hatuongei, shangazi."

Kweli. Hatukuwa tukiongea tangu siku ya dari.

"Mpigie mumeo."

"Ataniacha."

"Piga simu, Tahani!"

"Wallahi ataniacha. Mamake ndio kila kitu yake." Akapiga magoti hapo hapo kwenye vumbi. "Sema ni wewe."

"Nini?"

"Sema ni wewe, shangazi. Watu tayari wanasema ni wewe. Wewe huna mume wa kukuacha. Huna mtoto. Huna..."

"Malizia."

"Huna kitu ya kupoteza."

Nimekusanya matusi ya mji huu tangu nilipoteremka kwenye ndege. Namkumbuka aliyecheka Kiarabu changu dukani, na rafiki yake aliyemsaidia kucheka. Nawakumbuka walioniita mama wa kelele nilipowatoa wanawake majumbani, tukakaa mlangoni pa ofisi na ndoo tupu mpaka maji yakaletwa, kisha wao ndio wakawa wa mwanzo kuyateka. Yote ninayo, na nguo walizovaa ninazo. Hakuna lililonichoma kama hili la Tahani. Hakulisema kwa ubaya. Alinitazama, akatazama chumba changu, akaona hivyo.

Lakini alikosea. Nilikuwa na kitu kimoja, na kilikuwa kimelala hospitali kikichuma nyuzi hewani. Kaltham huniita Ghani. Hakuna mtu mwengine aliyebaki duniani anayeniita hivyo.

"Nipe hiyo simu," nikasema.

Hazim akapokea. "Habibti, uko wapi?"

"Si habibti. Ni shangazi yako. Nimeikuta simu ya mkeo. Sikiliza usikate. Mimi ndiye niliyempa mama yako mnanaha. Nimeuchemsha, kanywa kikombe kizima. Mwambie daktari: datura. Lirudie neno."

Nikamsikia akihema.

"Lirudie, Hazim!"

"Datura," akasema, kwa sauti ya mtoto. Kisha nikasikia anakimbia, nikasikia Kiarabu, nikasikia daktari wa Kihindi anasema, "Ah! Ah, datura!" kama mtu aliyeokota ufunguo.

Hazim akarudi kwenye simu.

"Leo umekufa kwangu," akasema.

Tahani alinibusu mkono, akaondoka. Nikaunawa ule mkono, sijui kwa nini.

Kaltham akapona. Ndiyo, shangilieni. Kesho yake alifumbua macho, akataja jina lake, akauliza nani kamvua bangili zake. Tahani aliniandikia ujumbe, "Mama mzima," akaufuta papo hapo.

Hazim hakunipeleka polisi. Ndugu hawapelekani, aibu ni ya wote. Alikuja na sururu, akaung'oa mnanaha hadi mizizi, hakunitazama. Akabadilisha kitasa cha mlango wa jikoni. Mkewe akanitoa kwenye kundi la simu la akina mama, au alilazimishwa akanitoa, mamoja.

Mnajua kahawa ya asubuhi hapa kwetu huzunguka nyumba kwa nyumba. Ilipofika zamu yangu nikatwanga hiliki, nikatandika mkeka, nikapanga tende, nikafungua mlango. Nikangoja. Nikawasikia njiani, viatu vyao na vicheko vyao, vikafika mlangoni kwangu vikanyamaza, vikapita, vikaanza tena.

Nikajimiminia. Nikanywa finjani kwa finjani. Na nilipotosheka nikaitikisa finjani mara mbili tatu, kama mgeni mwenye adabu anayemwambia mwenyeji imetosha. Mgeni mimi, mwenyeji mimi.

Kaltham aliporudishwa nyumbani aligonga ukuta. Nikagonga. Kisha nikamsikia Hazim akimwambia kwa sauti ya kubembeleza, "Mama, huko hakuna mtu. Shangazi kahamia Nizwa." Kisha wakamhamishia chumba cha mbele.

Nilidhani hapo ndipo pa mwisho pa kisa. Nilijiambia, haya, Ghaniya, kaa na mwisho wako.

Juzi simu ikalia. Tahani, ananong'ona.

"Shangazi, ile chupa."

"Chupa gani?"

"Majani ilikuwa mengi. Nilichemsha kidogo, ile ingine nikakausha, nikasaga kwa blenda, nikaweka kwa chupa. Chupa za mama za zaatari."

Lazima nikueleze wewe uliye mbali. Kaltham ana jina kwa zaatari yake, majani makavu ya harufu kali yanayochemshwa kama chai. Huletewa kutoka milima ya nyuma ya Nizwa, huichambua mwenyewe, huitia katika chupa za kioo zenye kifuniko chekundu. Kikohozi, tumbo, mzazi aliyejifungua, wote huulizia zaatari ya Kaltham.

"Imwage," nikamwambia.

"Haipo."

"Haipo imekwenda wapi?"

"Mama alipokuwa hospitali, Hazim alisema tutoe sadaka, sadaka inaondoa balaa. Wanawake waliokuja kumtazama, kila mmoja akampa chupa moja ya zaatari, wamuombee dua. Mimi nilikuwa wodini, shangazi! Nimerudi, kabati tupu."

Sadaka!

"Nani waliochukua?"

"Wa hapa Ibra. Wa Sur. Bi Hamda wa Al Kamil. Wengine simjui."

"Wapigie! Wote!"

"Wataniuliza nimejuaje. Nipe kidogo, nitafikiri. Nitamwambia Hazim mimi mwenyewe, wallahi, nipe tu... amekuja, amekuja." Ikakatika. Tangu hapo simu yake haipatikani.

Nikaenda nikagonga mlango wa jikoni mpaka ngumi ikavimba. Nikampigia Hazim. Amenifungia. Nikawapigia wanawake, mmoja baada ya mmoja, wote niliokuwa na namba zao. Wengine hawakupokea. Wengine walipokea, wakasikia sauti yangu, wakakata.

Nikakodi gari mpaka Al Kamil. Hamda ninamjua tangu hana meno ya mbele. Nikasimama nje ya geti lake, jua la saa sita kichwani.

"Hamda! Ni Ghaniya!"

Dirisha la juu likafunguka kidogo. "Umekuja kumaliza na huku?"

"Ile zaatari uliyopewa na Hazim, usiinywe!"

"Ehee! Kumbe unawanyima watu hata sadaka! Ondoka, mwanga wee, kabla sijamwita mwanangu!"

"Niite mwanga, niite paka, lakini ifungue chupa uinuse!"

"Niinuse nini? Zaatari ya Kaltham naijua kuliko wewe."

"Basi kama unaijua, inuse. Au unaogopa nisemayo ni kweli?"

Hilo lilimgusa. Hamda hajawahi kuvumilia kuchokozwa. Nikasikia kabati, nikasikia kifuniko.

"Zaatari!" akapiga kelele kutoka ndani. "Zaatari tupu, inapiga mpaka machoni! Umeridhika? Haya, nenda kaombe toba!"

Dirisha likafungwa. Nilifurahi kwa ajili yake, mpumbavu yule. Lakini maana yake ni kwamba ile chupa iko kwa mwengine.

Iko kwako.

Ndiyo maana naandika leo. Mhariri alitaka sehemu hii ingoje zamu yake. Nikamwambia ikingoja nitakuja kukaa mlangoni kwake na ndoo. Najua mnalisoma gazeti hili. Mnalipiga picha, mnatumiana kutoka Ibra hadi Sur, mnacheka jinsi bibi kizee anavyojianika. Simu zangu mmezifunga, geti mmefunga, kundi mmenitoa. Hapa tu ndipo hamjanifunga.

Basi sikilizeni ungamo langu. Nilimwambia Hazim uongo kwenye simu. Si mimi niliyeuchemsha. Nilijitwika kwa sababu daktari alihitaji jina la mti kuliko alivyohitaji jina la mtu, na nilidhani uongo huo hautamdhuru ila mimi. Nilikosea. Nimejipaka sumu mwenyewe, na sasa nikipiga kelele ya sumu hakuna anayesikia.

Tahani, mwanangu, nilikubali kukufichia, leo nimekufichua. Nisamehe. Hazim, ukitaka kumuacha mkeo, iache kwanza dari, ndiyo iliyoanza. Na mwambie mama yako ukweli. Siko Nizwa. Niko nyuma ya ukuta.

Lakini hayo ya kwetu yangoje. Wewe uliyetoka nyumba ya Hazim na chupa ya kioo ya kifuniko chekundu, inuka.

Usiionje. Usimpe mgonjwa, usimpe mzazi, usimmwagie hata mbuzi. Majani yamesagwa, kwa macho hutoyatambua. Zaatari ukifungua tu inakupiga puani kabla hujainama. Ikiwa hii imekaa kimya, au inanuka uvundo wa majani mabichi yaliyolala, funga kifuniko, nawa mikono, ipeleke hospitali na useme inatoka kwa Kaltham wa Ibra.

Na ikiwa mtu nyumbani kwako ameshakunywa, macho yamekuwa meusi, ngozi inawaka, anazungumza na asiyekuwepo, usisubiri, usione haya, usifikirie polisi wala majirani. Mkimbize, na litaje jina la mti mlangoni.

Kama huna chupa, unamjua aliyenayo. Mpigie. Usimwambie kasema Ghaniya, mwambie kasema yeyote.

Mkimaliza, nichukieni. Mtakuwa na nafasi ya kutosha, nami sihami.

Bado unasoma? Liweke gazeti chini. Nenda jikoni.